UZI: Scott Joplin, mtu aliyedai jina lake lichapwe kwenye kila nakala, akazikwa kaburi lisilo na jina

Mwalimu wa Solfa:

Habari za usiku wakuu.

Aliyewahi kushika kinanda kidogo cha umeme, kile cha kuanzia, anaufahamu wimbo huu hata kama hajui unaitwaje. Unabonyeza kitufe cha nyimbo za mfano, kinanda kinaanza chenyewe: noti zinateremka kama mtu anayeshuka ngazi mbiombio, halafu mkono wa kushoto unaingia, du-cha, du-cha, du-cha. Kinanda changu nilikinunua mtumba, na kwa miaka mingi niliamini ule ni wimbo wa katuni uliotungwa kiwandani. Sivyo. Unaitwa The Entertainer, ni muziki wa aina ya ragtaimu, ulichapwa mwaka 1902, na mtunzi wake ni Scott Joplin, mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani.

Nimekuwa nikimsoma na kumpiga mtu huyu kwa miaka kadhaa sasa. Leo nimeona niwawekee yote niliyonayo, kwa sababu nikitaja jina lake kwa wenzangu wa kwaya naona macho tu. Uzi ni mrefu, jipangeni.

Baba yake, Giles, alizaliwa mtumwa North Carolina. Mama yake, Florence, alizaliwa huru Kentucky. Scott alizaliwa kaskazini-mashariki mwa Texas, kati ya mwaka 1867 na mwanzo wa 1868. (Tarehe ya 24 Novemba 1868 inayozunguka kila mahali haiwezi kuwa kweli: sensa ya Julai 1870 inamtaja akiwa tayari na miaka miwili.) Utumwa Texas ulikuwa umekoma Juni 1865 tu. Kwa hiyo ni mtoto wa kizazi cha kwanza kuzaliwa nje ya minyororo.

Nyumbani kulikuwa na muziki. Baba akipiga fidla, mama akiimba na kupiga banjo. Baadaye walihamia mji wa Texarkana, mzee akaiacha familia, na Florence akawalea watoto kwa kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za wazungu. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi kwenye maisha yake yote: mama akifanya usafi, mtoto anaruhusiwa kukaa kwenye piano ya tajiri. Deki inapigwa huku, mazoezi yanaendelea kule. Halafu akatokea mwalimu Mjerumani, Julius Weiss, Myahudi aliyezaliwa Saxony, akamsikia yule mtoto na kuamua kumfundisha bure. Akamfundisha kusoma noti, akampigia muziki wa Ulaya, akamweleza opera ni kitu gani, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa mwanzo hadi mwisho. Lottie, mjane wa Joplin, alisimulia kwamba Joplin alipopata jina alikuwa akimtumia Weiss fedha, wakati huo mwalimu huyo amezeeka na ni mgonjwa.

Kitu hicho cha opera kishikeni, kitarudi.

Akiwa kijana aliondoka, akawa mpiga piano wa kutangatanga. Mwaka 1893 alikuwa Chicago wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, kisha akatua Sedalia, Missouri, mji wa reli. Pale alipiga koneti (tarumbeta ndogo) kwenye bendi ya watu weusi, akafundisha vijana wadogo zake kimuziki kama Arthur Marshall na Scott Hayden, akasoma muziki kwenye chuo cha watu weusi kilichokuwa pale, George R. Smith. Jioni alipiga piano kwenye klabu iliyoitwa Maple Leaf.

Naandika sehemu ya pili, msiondoke.

---

Kipaza Sauti:

Mkuu kabla hujaendelea, ragtaimu ndiyo nini hasa? Ni jazi?

---

Mwalimu wa Solfa:

Swali zuri mkuu, na bila kulijibu uzi hautaeleweka.

Ragtaimu ilitangulia jazi. Chukua mkono wa kushoto kwanza: noti nzito chini, kisha kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) juu yake, nzito, kodi, nzito, kodi, kama askari wa gwaride. Haiyumbi. Sasa mkono wa kulia unaleta wimbo, lakini mkazo wake hauangukii pale mguu wa askari unapogusa ardhi. Unaangukia kati. Unawahi kidogo, au unachelewa na kuning'inia, kisha unarudi nyumbani. Ukiwa umekaa kwenye ngoma yoyote ya kwetu unalijua jambo hili bila kufundishwa: mmoja anashikilia pigo moja bila kuhama, mwingine anapiga kofi penye nafasi aliyoachiwa. Watu weusi wa Marekani walikuwa nalo kwenye makofi, kwenye banjo na kwenye dansi zao. Ragtaimu ililihamishia kwenye piano, mikono miwili ya mtu mmoja.

Kitu alichoongeza Joplin ni karatasi. Wengine walikuwa wakipiga usiku na asubuhi imepotea. Yeye aliandika kila noti, akataka ipigwe kama ilivyoandikwa, kama mtu anavyompiga Chopin, yule mtunzi wa piano wa Ulaya. Hakuwa wa kwanza kuchapwa, maana Tom Turpin wa St. Louis alishatoa Harlem Rag mwaka 1897. Lakini yeye ndiye aliyeifanya kuwa sanaa ya kusomwa.

---

Mwalimu wa Solfa:

SEHEMU YA PILI

Machi 1899 mchapishaji wa Kansas City, Carl Hoffman, alitoa Original Rags ya Joplin. Kwenye karatasi ile kuna jina la mtu mwingine pia, Charles N. Daniels, ameandikwa kama mpangaji wa muziki. Miezi mitano baadaye, tarehe 10 Agosti 1899, Joplin alisaini mkataba wa kazi nyingine na John Stark, mfanyabiashara mzungu aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki Sedalia. Safari hii alikuwa na mwanasheria kijana, Robert Higdon. Kazi yenyewe ilikuwa Maple Leaf Rag.

Mkataba ule upo hadi leo na ni mfupi. Stark atalipia gharama zote za uchapishaji. Joplin atapewa nakala kumi bure. Akitaka zaidi atauziwa kwa senti tano. Dukani haitauzwa chini ya senti 25. Na kwa kila nakala itakayouzwa, Joplin atapata mrabaha wa senti moja. Halafu kuna kifungu kimoja ambacho mimi nilikisoma mara tatu: jina la Scott Joplin litaonekana limechapwa kwenye kila nakala kama mtunzi.

Sina ushahidi kwamba Original Rags ndiyo iliyomfundisha kudai kifungu hicho. Lakini mtu aliyechapiwa jina la mwingine pembeni ya lake mwezi Machi, na mwezi Agosti anasaini karatasi inayolinda jina lake, mimi namwelewa.

Mwaka wa kwanza mauzo yalikuwa ya kusuasua, kama nakala 400. Kisha moto ukashika. Inakadiriwa kufikia mwaka 1909 zilikuwa zimeuzwa nusu milioni.

---

Hesabu za Mjini:

Samahani mleta mada, nusu milioni kwa senti moja ni dola 5,000. Kwa miaka kumi! Na kila nakala imeuzwa angalau senti 25. Huyu si alinyonywa waziwazi?

---

Mwalimu wa Solfa:

Mkuu hesabu yako ni sahihi, na hasira yako naielewa. Ila ipime na wakati ule. Mtunzi mweusi kwa kawaida alikuwa anauza wimbo moja kwa moja kwa dola chache, anaondoka, na hata ukiuza mamilioni hadai tena. Joplin alipata kitu kinachoendelea kuingia mwaka hadi mwaka, kidogo lakini cha uhakika, na ndicho kilichompa nafasi ya kuacha kupiga kwenye mabaa kila usiku akae atunge. Ilikuwa haki kamili? Hapana. Lakini wenzake wengi hawakupata hata hiyo senti.

---

Mama Neema:

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mpiga kinanda kanisani kwetu huku Morogoro. Nimewahi kusikia muziki huu ulikuwa wa madanguro, na nikasoma mahali kwamba mwenyewe alikufa kwa kaswende. Sisemi kumhukumu, nauliza kwa sababu vijana wangu wakiniuliza nataka niwajibu kweli.

---

Mwalimu wa Solfa:

Marahaba mama, na ahsante kwa kuuliza wazi.

Ni kweli yote mawili. Ragtaimu ilipigwa kwenye mabaa, kwenye kumbi za kamari na kwenye madanguro, kwa sababu mpiga piano mweusi wa miaka ile alikuwa na milango michache sana ya kupata mshahara, na hiyo ndiyo iliyokuwa wazi. Kumbi za heshima zilimfungia. Nyimbo nyingi zilizouzwa kwa jina la ragtaimu zilikuwa na maneno ya kumdhihaki mtu mweusi, zikiimbwa na wazungu waliojipaka masizi usoni. Joplin alitumia maisha yake yote kuutoa muziki ule kwenye matope hayo. Mwaka 1908 alitoa kijitabu cha mazoezi sita, School of Ragtime, ambamo anamwelekeza mwanafunzi aipe kila noti muda wake kamili, aende polepole mpaka aushike mwendo, na asiipige ragtaimu haraka wakati wowote. Hilo la haraka alilirudia kwenye karatasi nyingi za nyimbo zake. Hata The Entertainer, juu kabisa ya noti ya kwanza, pameandikwa kwamba isiwe haraka. Kinanda changu cha mtumba kinaipiga mbio kama basi linalowahi foleni. Miaka yote hiyo nilikuwa nausikia wimbo wake kinyume cha agizo lake mwenyewe.

Vijana wako waambie hivyo, mama. Na waambie kuhusu ugonjwa pia, si siri na si aibu ya muziki wake.

---

Mwalimu wa Solfa:

SEHEMU YA TATU

Sasa majonzi.

Mwaka 1901 alihamia St. Louis na mkewe wa kwanza, Belle. Mtoto wao wa kike alikufa akiwa mchanga, ndoa ikavunjika. Mwaka huohuo wa 1901, mwezi Oktoba, Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa watu weusi, chakula cha jioni Ikulu ya Marekani, na magazeti ya Kusini yakawaka kwa hasira kwamba mtu mweusi amekalishwa meza ya rais. Inaaminika Joplin alilichukua tukio hilo akalitungia opera nzima: A Guest of Honor. Fikirini, mtoto wa mtumwa anaandika opera kuhusu mtu mwingine aliyezaliwa mtumwa anayekaribishwa Ikulu.

Mwaka 1903 aliiombea hakimiliki katika jiji la Washington na akaenda nayo ziara na kundi lake. Ziarani makusanyo ya mlangoni yakaibwa. Inasimuliwa kwamba walishindwa kulipa nyumba ya kulala wageni na mizigo ikazuiliwa, miswada ikiwa ndani. Kule ofisi ya hakimiliki maombi yapo, lakini nakala zilizotakiwa kuambatana nayo hazikuwahi kufika. Hadi leo hakuna ukurasa hata mmoja uliopatikana.

Juni 1904 alimwoa Freddie Alexander huko Arkansas. Tarehe 10 Septemba mwaka uleule Freddie akafariki Sedalia, kichomi baada ya mafua, akiwa na miaka 20. Ndoa haikutimiza miezi mitatu. Kazi aliyoitoa mwaka 1905, Bethena, ni waltz (dansi ya mapigo matatu) yenye ragtaimu ndani yake. Naombeni mtu aisikilize peke yake, taa zimezimwa. Wimbo unaanza kwa upole, unaondoka kwenda mahali pengine kabisa, na kila ukidhani umesahaulika ule wa mwanzo unarudi.

---

Mbeba Box Missouri:

Mwalimu, niko Marekani, jimbo hilohilo la Missouri. Umenigusa kwa sababu nimefika kwenye ile nyumba. Ipo St. Louis, barabara ya Delmar, zamani ikiitwa Morgan. Ni jengo la matofali mekundu, yeye alipanga ghorofa. Sasa ni makumbusho ya jimbo.

Ndani kuna piano inayojipiga yenyewe. Unaingizwa mkanda wa karatasi uliotobolewa matundu, karatasi inazunguka, na vitufe vinashuka bila mkono wa mtu. Nilisimama karibu sana. Unaona kitufe kinazama, kinainuka, kinazama, na kiti hakina mtu. Tulikuwa watu wanne tu mle ndani na hakuna aliyesema neno mpaka karatasi ilipoisha.

---

Mwalimu wa Solfa:

Kaka, umenipa kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu. Ahsante sana.

Na ulichokisema kina uzito zaidi ya unavyodhani. Hakuna santuri hata moja ya Joplin akipiga. Tulichonacho ni mikanda ya karatasi ya namna hiyohiyo, aliyoipiga mwaka 1916, mwaka mmoja kabla ya kufa. Mmoja wa Maple Leaf Rag una mwendo unaokwamakwama kiasi kwamba ukiusikia unajua mikono ilikuwa imeshaanza kumkataa.

SEHEMU YA NNE, na hii ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi.

Mwaka 1907 alihamia New York, akamwoa Lottie Stokes mwaka 1909. Alikuwa na opera nyingine kichwani. Wachapishaji wakaikataa. Mwaka 1911 akaichapisha kwa fedha zake, kurasa 230 za noti za sauti na piano. Jina lake Treemonisha.

Mahali ni shamba la zamani karibu na Texarkana, mwaka 1884. Mume na mke waliowahi kuwa watumwa, Ned na Monisha, wamemwokota mtoto wa kike chini ya mti. Wanataka asome, lakini shule ya weusi hakuna karibu. Basi wanakubaliana na mama mmoja wa kizungu: Monisha atamfulia na kumpigia pasi, Ned atamkatia kuni, naye atamfundisha binti. Someni tena. Mama anafanya kazi ya mikono nyumbani kwa mzungu ili mtoto apate elimu. Joplin alimweka Florence ndani ya opera, na mimi siamini kwamba ni bahati mbaya.

Binti anakua, ana miaka 18, peke yake pale kijijini anajua kusoma. Waganga wanaouza hirizi wanaona biashara inakufa, wanamteka, wanataka kumtupa kwenye kiota cha nyigu. Rafiki yake Remus anavaa kama sanamu la kutishia ndege shambani, waganga wanakimbia wakidhani ni shetani. Wateka nyara wanakamatwa, watu wanataka wawapige, binti anakataa, anawasamehe. Kisha kijiji kinamchagua yeye awe kiongozi. Mwanamke, mweusi, kijana, na hii imeandikwa mwaka 1911, miaka tisa kabla wanawake wa Marekani hawajahakikishiwa kura kwenye katiba yao. Mwisho wote wanacheza dansi ya mwendo wa polepole. Polepole, jamani, hadi pazia linashuka.

Mwaka 1915 aliionyesha Harlem, mtaa wa watu weusi huko New York, bila mandhari ya jukwaa, bila okestra, yeye mwenyewe kwenye piano akifanya kazi ya okestra nzima. Haikupata mdhamini. Mwanzoni mwa 1917 akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, kaswende imeshafika kwenye ubongo. Akafa tarehe 1 Aprili 1917. Wiki chache kabla, santuri ya kwanza ya jazi ilikuwa imetoka, na siku tano baadaye Marekani ikaingia vitani.

Alizikwa makaburi ya St. Michael's, Queens, kwenye kaburi la maskini la kuchangia na wengine, bila jiwe wala jina. Likakaa hivyo miaka 57.

---

Kipaza Sauti:

Dah. Yule aliyeandikisha kwenye mkataba jina lionekane kila nakala.

Sasa alirudije? Maana leo yupo kwenye kila kinanda.

---

Mwalimu wa Solfa:

Karatasi, mkuu. Zile zilizochapwa.

Mwaka 1970 mpiga piano Joshua Rifkin alitoa santuri ya ragtaimu zake akizipiga kwa utulivu kama muziki wa ukumbini, na ikauzwa kuliko kampuni ilivyotarajia. Mwaka 1971 maktaba kuu ya New York ikatoa kazi zake zilizokusanywa na Vera Brodsky Lawrence. Januari 1972 Treemonisha ikapandishwa jukwaani Atlanta, miaka 61 baada ya kuchapwa, na mwaka 1975 Houston wakaifanya kikamilifu kisha ikafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York. Katikati ya hayo ikatoka filamu ya The Sting, mwaka 1973, mtayarishaji wa muziki wake Marvin Hamlisch akatumia The Entertainer, dunia nzima ikaanza kuupiga mluzi. Kaburi lake likawekewa jina mwaka 1974. Mwaka 1976 akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, moja ya tuzo za heshima kubwa Marekani, miaka 59 baada ya kufa.

Ila ambacho hakikuchapwa hakikurudi. A Guest of Honor hakuna. Miswada mingine aliyoiacha ilikuja kuwa mikononi mwa mwanamuziki Wilbur Sweatman, naye alipofariki mwaka 1961 ikapotelea kwenye ugomvi wa warithi. Ndiyo maana wale watunzi wa kwaya mnaonifahamu huwa nawasumbua: wimbo uliouandika kwenye daftari moja, toa nakala mbili, andika jina lako na tarehe, moja mpe mtu asiyekaa nyumba moja na wewe.

---

Mama Neema:

Mwalimu, nimesoma uzi wote jana usiku. Leo nimebaki kanisani baada ya mazoezi. Nilipata noti za The Entertainer kwenye simu, nikaiegemeza pale tunapowekaga kitabu cha nyimbo. Mkono wa kulia umenishinda, nimeacha. Nimepiga wa kushoto peke yake, polepole kama alivyoagiza, mpaka kidole kidogo kikauma.

Nina swali moja. Kwenye ile sehemu ya kwanza baada ya utangulizi, noti ya juu imeunganishwa na inayofuata kwa ule mstari wa upinde. Naihesabu kwenye pigo au baada ya pigo?

---

Mwalimu wa Solfa:

Baada ya pigo, mama. Ushikilie, usiipige tena. Mkono wa kushoto upite chini yake peke yake. Hesabu kwa sauti "moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na", kila pigo la mkono wa kushoto na namba yake. Kidole cha kulia kishuke kwenye "na" ya mwisho na kikae palepale wakati mdomo unarudi kusema "moja". Mara ishirini kipande hicho tu, kisha niandikie hapa.